Kupe, Ng'ombe, Unguja

Kwenye rafu yangu kuna kichupa kilichowahi kubeba dawa ya sindano. Ndani mna spiriti iliyogeuka rangi ya chai hafifu, na kupe saba wamelala chini wakubwa kwa wadogo. Karatasi iliyobandikwa kwa nje ina maneno matatu: "Kupe, ng'ombe, Unguja." Hati ni yangu. Niliandika miaka kadhaa iliyopita, tena kwa wino, na pale spiriti ilipochuruzika herufi zimeanza kukimbia. Siku ile niliondoka nikijiona nimefanya kazi ya maana. Leo nikikitazama naona maneno matatu ambayo hakuna hata moja linalomsaidia mtu aliyefunga ng'ombe bandani na anataka kujua afanye nini.

Tuanze na neno la kwanza. Kiswahili si maskini wa majina ya vinyonya damu: tuna chawa, kunguni, kiroboto na utitiri. Hata ndani ya ukoo wa kupe lugha imekwishagawa. Papasi ni yule wa ngozi laini, asiye na ngao mgongoni, aliyezoea kuishi katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, akatoka usiku kumnyonya mtu na kurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Homa yake, inayokuja, ikapoa, ikarudi, tunaiita homa ya papasi. Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekwenda Kongo na kuchunguza jinsi papasi wanavyoieneza, alifia huko Februari 1905 akiwa na homa hiyohiyo, na kijidudu chake kikaja kuitwa Borrelia duttonii. Wenyeji walikuwa wamekwishaunganisha ugonjwa na papasi kabla hadubini haijafika. Jina lenyewe ni ushahidi.

Lakini kwa wale wa ngozi ngumu, wanaoganda kwenye ng'ombe, mbuzi na mbwa, jina limebaki moja. "Kupe ni kupe tu, mwanangu," aliniambia mzee mmoja wa gari la ng'ombe, huku akimpapasa fahali wake sikioni. Nilicheka, kwa sababu mwaka 1967 neno hilohilo lilipanda jukwaani Tanzania Bara: baada ya Azimio la Arusha, mnyonyaji yeyote alikuwa kupe, na wingi wake ukawa makupe, kana kwamba wale wa miguu 2 walihitaji ngeli yao. Mwaka huohuo kilichapwa London kitabu cha Guy Yeoman na Jane Walker kuhusu kupe wa ngozi ngumu wa Tanzania, kitabu kinene chenye ramani baada ya ramani, kinachosema kinyume kabisa cha usemi wa mzee: kupe ni wengi, na kila mmoja ana kwao.

Yule mzee hakuwa na kosa, kwa sababu kupe ambaye mfugaji humwona ndiye asiyetambulika. Jike akishashiba damu hufura mpaka ngao yake ndogo ya mgongoni hupotea mbele ya tumbo kubwa la kijivu, na jike la aina hii na la aina ile hufanana kama mbegu mbili za mbarika. Mfano huo wa mbarika si wangu peke yangu: Warumi waliuita mmea huo kwa jina la kupe, ricinus, kwa kuwa mbegu yake ni kupe aliyeshiba kila upande. Anayetaka kutambua aina hamwanzi jike aliyeshiba, humtafuta dume. Dume hali sana, ngao yake hufunika mgongo wote, na mgongo huo ndio kitambulisho.

Chukua yule mkubwa kuliko wote katika kichupa changu. Hata kwa jicho tupu ana madoadoa ya rangi ya dhahabu iliyoungua yenye mistari myeusi, na miguu yake ina pete nyeupe kama bangili. Mdomo wake ni mrefu, umechomoza mbele kama msumari. Huyu ni Amblyomma variegatum, aliyeelezwa kisayansi na Fabricius mwaka 1794, na ndiye kupe mzuri kuliko wote ukanda huu, kama uzuri una nafasi hapa. Mdomo ule mrefu ndio balaa: huzama ndani sana ya ngozi, na ukimvuta kwa pupa mdomo hubaki humo, kidonda huoza, nawe unabaki na kupe asiye na kichwa, asiyefaa hata kwa utambuzi. Ni yeye anayebeba kijidudu cha maji moyo, kile kinachomfanya mbuzi au ng'ombe atembee kwa miguu ya juujuu, azunguke, aanguke, na akipasuliwa akutwe na maji yamejaa kuzunguka moyo.

Wa pili ni wa kahawia mtupu, hana madoido yoyote. Huyu hutafutwa ndani ya sikio, na ukikunja sikio la ng'ombe asiyeogeshwa utawaona wamepangana ukingoni kama shanga. Ukimlaza chini ya lenzi, sehemu inayoshika mdomo wake ina pembe 6, tofauti na yule wa dhahabu ambaye kwake ni kama mstatili. Dume lililokula huota kijimkia kidogo nyuma, na ndiyo maana Neumann alimwita Rhipicephalus appendiculatus mwaka 1901, yaani mwenye kiambatisho. Kusini mwa Afrika ana ndugu anayeitwa Rhipicephalus zambeziensis ambaye amewasumbua wataalamu kwa miaka mingi, maana hutofautiana kwa vishimo vidogo vya mgongoni ambavyo mtu huhitaji subira kuvihesabu. Kupe huyu wa sikio ndiye mleta ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi zaidi pwani hii kuliko wowote wa kupe.

Wa tatu hutambulika kwa miguu: myekundu ya machungwa, kama amevaa soksi. Ngao yake ni nyeusi na macho yametokeza kama vishanga. Huyu ni Rhipicephalus evertsi, na mahali pake ni chini ya mkia. Sina mengi ya kusema juu yake.

Wa nne ndiye aliyenipotezea wakati. Ni mdogo, wa kijivu, mdomo mfupi mno, miguu ya rangi ya maziwa, na wafugaji wengi humdhania mtoto wa kupe wengine. Zamani jamii yake iliitwa Boophilus, na vitabu vingi vya mifugo bado vinaiita hivyo. Mwaka 2003 ilihamishiwa ndani ya Rhipicephalus baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonyesha kwamba ilikuwa ndugu wa damu tangu hapo. Shida ni kwamba wako wawili. Mmoja, decoloratus, ni mwenyeji wa Afrika. Mwingine, microplus, asili yake ni Asia ya kusini, alivuka Bahari ya Hindi pamoja na ng'ombe, na pwani ya Tanzania amekuwa akimsukuma mwenzake na kuchukua nafasi yake. Kuwatofautisha lazima uwageuze chali, uwasafishe mdomo kwa brashi laini, kisha uhesabu safu za meno ya kile kijiti kinachoingia kwenye ngozi: safu 3 kwa 3 ni decoloratus, safu 4 kwa 4 ni microplus. Safu moja kila upande ndiyo tofauti kati ya mwenyeji na mgeni. Nilihesabu mara tatu, nikapata majibu mawili, nikampa mwenzangu mwenye macho ya kijana.

Mtu atauliza kuna haja gani, na dawa ya kuogesha inaua wote. Hapa ndipo neno la pili la karatasi yangu linapoingia, "ng'ombe", kwa sababu kupe hawa hawamtumii mnyama kwa namna moja.

Kupe hutoka yaini akiwa na miguu 6, akala damu, akajivua na kuwa na miguu 8, akala tena, akajivua, akawa mkubwa, akala mara ya mwisho. Jike likishashiba huanguka, likataga mayai kwa maelfu na kufa. Milo mitatu. Swali ni kama milo hiyo inaliwa kwa mwenyeji mmoja au kwa watatu. Yule mdogo wa kijivu hula yote kwa ng'ombe mmoja, bila kushuka, kwa muda wa wiki 3 hivi. Yule wa miguu myekundu hutumia wenyeji wawili: utoto wake wote huumalizia ndani kabisa ya sikio la mnyama mmoja, hushuka, kisha ukubwani huwapanda wengine chini ya mkia. Wa sikio na wa dhahabu hutumia watatu, na kati ya mlo na mlo hushuka majanini wakakaa wiki au miezi.

Kutokana na jambo hilo moja unaweza kubashiri karibu kila kitu kingine. Ndigana kali huhitaji kupe aliyenyonya kijidudu kwa ng'ombe mgonjwa akiwa mdogo, akashuka, akajivua, kisha akapanda kwa ng'ombe mzima. Asiyebadilisha mnyama hawezi kuileta. Vilevile kijidudu chake hukomaa kupe akishaanza kula, hivyo hupita siku kadhaa kabla hajaambukiza, na mfugaji anayekagua masikio ya ndama wake kila siku kwa vidole anafanya kazi halisi, si ushirikina. Ugonjwa wa kukojoa damu hupita njia nyingine: kwa kuwa kupe wa kijivu hashuki, kijidudu hupitishwa na mama ndani ya mayai, na wanawe huzaliwa nacho. Josho nalo lina hesabu zake. Kupe wa kijivu yuko juu ya ng'ombe wiki 3 mfululizo, ukimwogesha kwa ratiba ndefu bado utamkuta, ingawa amejaliwa kuzoea dawa upesi kuliko wenziwe. Wa sikio hupanda, hula kwa siku chache, hushuka; ukichelewa wiki mbili amekwishapita. Kwa hiyo mfugaji anayesema dawa haifanyi kazi huenda anasema kweli, au huenda anapiga kupe wa aina moja kwa ratiba ya aina nyingine, na bila kuhesabu yale meno hakuna wa kumjibu.

Kuna jambo la pili katika neno "ng'ombe" ambalo hata tafiti zilizochapwa hulipita haraka. Kumkuta kupe kwa mnyama si sawa na kusema mnyama huyo ndiye anayemtunza. Karibu kila mara kupe hukusanywa kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa kwa sababu hao wamefungwa na hawakimbii. Orodha inayopatikana ni orodha ya wanyama tulioweza kuwashika. Wadogo wa Amblyomma variegatum hupanda ndege na wanyama wadogo pia. Yangeyange anayemfuata ng'ombe malishoni, ambaye sote tunamsifu kwa kudonoa wadudu, anaweza kuwa na watoto wa kupe shingoni. Kunguru, yule mgeni aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na hajaondoka, hukaa mgongoni mwa ng'ombe akidonoa pia, na sijaona mtu akimkagua manyoya. Kenge ana kupe wake mwenyewe barani Afrika, Amblyomma exornatum, asiye na haja na ng'ombe. Mbwa ana wake wa kahawia, aliyeitwa kwa miaka mingi Rhipicephalus sanguineus, hadi ilipobainika kuwa jina hilo limefunika aina zaidi ya moja. Wa nchi za joto sasa hutajwa kama Rhipicephalus linnaei. Huyo hahitaji hata pori, nyufa za ukuta wa nyumba zinamtosha.

Unguja jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya Jozani. Ndani na kando ya msitu ule kuna paa nunga, nguruwe mwitu, ngawa, nguchiro na kima punju, na pembeni yake kuna mbuzi waliofungwa kamba wakila majani yaleyale. Anayetaka kujua nani humtunza nani hana budi kukokota shuka jeupe majanini alfajiri ili kunasa kupe wanaosubiri, akague panya walionaswa na ndege waliotiwa wavuni, apate kibali cha kugusa wanyama wanaolindwa, kisha alinganishe. Ni kazi ya miaka. Kuandika "ng'ombe" ni kazi ya sekunde.

Neno la tatu ni "Unguja", nami nadhani ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu kisiwa huonekana kama mahali palipofungwa.

Unguja iliwahi kuungana na bara. Mkondo uliopo kati yake na Bagamoyo ni wa maji mafupi, na bahari ilipanda ikaifunika njia hiyo mwishoni mwa zama za barafu, ndiyo maana kisiwa kilibaki na kima, paa na hata chui wake. Pemba ni hadithi nyingine: mkondo wake ni wa kina cha mamia ya mita, imekaa peke yake muda mrefu sana, na wanyama wake wa porini ni wachache zaidi. Kwa hiyo kupe wa paa wa Unguja huenda alikuja kwa miguu ya paa. Wa ng'ombe wa Pemba, wale mafahali wanaochezwa kule Kengeja na kwingineko, alikuja kwa chombo. Kila ikikaribia Idi Kubwa mbuzi na ng'ombe huvuka bahari kwa wingi, na hakuna mbuzi anayevuka peke yake.

Historia ya ndigana kali ni historia ya meli. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya sotoka kufagia mifugo ya kusini mwa Afrika, ng'ombe walisafirishwa kutoka pwani yetu kupitia Beira kwenda Rhodesia. Vifo vikaanza. Ugonjwa ukafuatiliwa hadi ulikotoka, ukapewa jina la Homa ya Pwani ya Mashariki, na pwani hii ikabaki na jina hilo katika vitabu vya mifugo duniani kote. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu huko Cape, akaonyesha kwamba mbebaji ni yule kupe wa sikio.

Karne moja baadaye mambo yakajirudia karibu zaidi na sisi. Mwaka 2003 na 2004 ng'ombe wa Ngazija walikumbwa na ndigana kali, na macho yakaelekea kwenye ng'ombe walioingizwa kutoka Tanzania, wakiwemo waliochanjwa. Chanjo hiyo, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, hutumia vijidudu hai vinavyotiwa pamoja na dawa ya kuvidhibiti. Humwokoa ng'ombe, lakini aliyeokoka anaweza kubaki akibeba vijidudu bila kuumwa. Kisiwani ambako kupe wa sikio amekwishatia mguu, mbebaji mmoja anatosha. Mtu aliyetambua kupe huyo Ngazija mapema angekuwa na onyo mkononi. Jina la kupe lilikuwa na maana kabla ng'ombe wa kwanza hajaanguka.

Karibi walionja upande mwingine. Kupe wetu wa dhahabu alifika Guadeloupe takriban mwaka 1830 na ng'ombe kutoka Senegali, akakaa zaidi ya karne bila kusambaa sana, kisha yangeyange walipoingia visiwa vile katika karne ya 20 akaanza kuonekana kisiwa baada ya kisiwa. Mradi mkubwa wa kumfuta ulianza miaka ya 1990. Visiwa kadhaa vilitangazwa kwa muda kuwa vimemwondoa, na baadhi vikavamiwa upya. Ng'ombe unaweza kumzuia bandarini. Yangeyange hana pasi.

Mtu wa Unguja atasema: mbona mbung'o tulimmaliza? Kweli. Kati ya 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8 yaliyohasiwa kwa mionzi, yaliyofugwa Tanga, yaliachiliwa kutoka angani, na mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Ni moja ya kazi bora zilizowahi kufanyika katika visiwa hivi. Lakini jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani na huzaa mtoto mmoja kwa wakati. Jike la kupe hutaga maelfu. Zaidi ya hayo, mbung'o alipoondoka alifungua mlango kwa ng'ombe chotara wa maziwa, wenye damu ya Ulaya, ambao ngozi yao haijui kumkataa kupe kama ya zebu inavyojua. Adui mmoja ameondoka na mezani pamewekwa chakula kizuri zaidi kwa mwingine. Silaumu, maziwa ni maziwa. Ila hesabu ya kupe sharti ifanywe upya.

Nilirudi kwa yule mzee wa gari la ng'ombe, safari hii na kibano, vichupa vitatu na penseli, kwa sababu spiriti haifuti penseli. Fahali alikuwa mpya. Nikatoa jike la kahawia lililoshiba ndani ya sikio la kushoto, jingine dogo la kijivu lililojaa ubavuni, na dume la dhahabu lililong'ang'ania kinenani. Nikaandika tarehe, kijiji, jinsia, sehemu ya mwili. Kisha nikamuuliza swali ambalo mara ya kwanza halikunijia.

"Babu, huyu umempata wapi?"

"Pangani. Kashuka na jahazi Mkokotoni, leo siku ya kumi na sita."

Siku 16. Jike la kahawia hula kwa wiki moja hivi, basi lilipanda hapahapa, huenda kwenye majani ya nyuma ya nyumba ya mzee. La kijivu huhitaji karibu wiki 3 kufikia pale, kwa hiyo lilipanda likiwa na miguu 6 kule Pangani na likavuka bahari juu ya ubavu wa fahali. Dume la dhahabu huweza kukaa juu ya mnyama kwa miezi likiwaita wenziwe kwa harufu, nalo halikusema lolote. Kwenye kichupa cha kwanza niliandika "Unguja", cha pili "Pangani", na cha tatu nikaacha nafasi wazi.